Dereva wa Fuso alituambia njia nyeupe, tukamuua mzee wa watu

Wakuu, poleni na majukumu. Hii siyo chai. Nilikuwa siti ya mbele na nimeiona yote.

Mimi nauza maharage Majengo, Sumbawanga. Asubuhi hiyo tulikuwa tunatoka Laela na gari, Noah, anaendesha shemeji Fidelis, mume wa dada yangu. Ukungu wa Ufipa mnaujua, na baridi yake.

Wanaopita njia ile wanajua lugha ya madereva. Mwenzako akikuwashia taa, ujue mbele kuna trafiki na tochi, ile ya kupima spidi. Akikupungia kiganja, njia nyeupe, kanyaga.

Na sisi huwa tunashukuru kabisa, tunapiga honi.

Tukaingia kijiji kimoja chenye kibao cha 50. Fidelis alikuwa ameshapunguza, maana tochi hukaa palepale karibu na shule. Ikaja Fuso, dereva akatupungia kiganja.

"Leo hawapo," shemeji akasema, akaongeza mwendo.

Nikamwambia, "Shemeji, hapa si ni hamsini?"

"Hamsini ya nani sasa, shemeji?" Akacheka.

Mzee alikuwa anavuka, anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Breki zililia mpaka nikazisikia kwenye meno. Kwa 50 tungesimama, naamini hivyo hadi leo. Kwa spidi ile hatukusimama.

Alifia palepale. Mkaa ulitapakaa lami nzima.

Fidelis yuko mahabusu, dada hali wala halali. Inaniuma sana, lakini yule mzee ananiuma zaidi.

Nilikwenda msibani. Nikamwamkia mjane shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, kwani hamkukiona kile kibao?"

Wakuu, tulikiona. Tulikiona vizuri kabisa. Nikainama.

Nilichojifunza ni hiki: kile kibao hakikuwekwa kwa ajili ya trafiki. Kiliwekwa kwa ajili ya yule mzee, na yeye siku ile alikuwepo.

Jana nimepita tena pale, safari hii na basi. Dereva wa lori tulilopishana nalo akapunga kiganja. Wa kwetu akapiga honi ya asante, akakanyaga mafuta.

Nikapaza sauti, "Dereva, hapa ni hamsini!" Abiria wakacheka. Mmoja akaniambia kama naogopa nishuke nitembee.

Nyie mkiwa abiria mnamwambiaje dereva mpaka akasikia? Nielekezeni, mimi nimeshasema mara mbili.