Mashine ya Mpunga ya Mwalimu Kabula

Pumba za mpunga zikilowa mvua hutoa harufu nzito, tamu kidogo, kama uji uliosahauliwa jikoni. Kila nikipita karibu na mashine za kukoboa pale Kagongwa harufu hiyo hunikamata, na hasira yangu huamka. Sisemi huzuni, ndugu yangu. Nasema hasira.

Nilikuwa na miaka mitano. Chekechea yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, hakina hata dawati. Siku moja Mwalimu Kabula, dada mmoja mpole asiyepandisha sauti, alituletea makopo, magunia yaliyochanika na ndoo mbili za pumba, akatuambia tutengeneze mashine kama zile walikofanya kazi wazazi wetu. Tukatengeneza. Mmoja alikuwa injini, akinguruma mpaka mate yanamtoka. Wengine walibeba pumba kama ndiyo mpunga wenyewe, wengine wakapima. Gunia letu lilikuwa la makopo kumi. Tuligombana kweli: hili halijajaa, wewe umenipunja. Mwalimu hakuamua ugomvi. Alichuchumaa tu akauliza, "Mtajuaje?" Basi tukamwaga, tukapima upya.

Kati yetu alikuwepo Minza, binti wa wafugaji. Kwao walizungumza Kisukuma tu, na tangu aanze kuja hakuwa ametamka neno. Tulidhani ni bubu. Siku hiyo alipewa kazi ya kuhesabu. Mimi kwa haraka zangu nikataka kufunga gunia, Minza akanishika mkono.

"Bado mawili," akasema, kwa Kiswahili, sauti ikikwaruza.

Tukamwaga tukahesabu. Yalikuwa manane. Mwalimu Kabula aligeukia ukuta akajifuta macho kwa kanga, nami nikadhani ni vumbi la pumba.

Jioni baba yangu, mfanyabiashara wa mchele na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alinikuta nimejaa pumba mpaka masikioni. Akaniuliza tumejifunza nini.

"Tumecheza."

"Na jana?"

"Tulicheza."

Asubuhi alinifuata chekechea. Mwalimu Kabula alimwamkia, "Shikamoo, Baba Leticia," na baba hakuitikia. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akiacha shikamoo ianguke chini hivyo.

"Huyu hajui hata kuandika a," alisema. "Hatukumleta achezee takataka."

"Wanajifunza, baba. Kaa nao dakika kumi tu uone."

"Sina dakika kumi."

Wiki haikuisha, Mwalimu Kabula akaondolewa. Makopo yakatupwa shimoni. Akaja mwalimu mwingine na fimbo ya mpera, tukakaa sakafuni tukipiga kelele a, e, i, o, u mpaka koo zikakauka. Baba alifurahi sana. Minza alipoitwa asome peke yake hakufungua mdomo. Alichapwa viganjani, na kesho yake tena. Wiki ya tatu hakuja. Nilimwona siku moja mlangoni kwao, amebeba mdogo wake mgongoni. Nilimpungia mkono, hakunitazama.

Leo mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Napokea watoto wanaoimba moja hadi mia bila kukosea, lakini ukiwapa vizibo vya soda na kuwaambia wakupe saba, wanakutumbulia macho. Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakifanya mle ndani. Tulikuwa tunapima, tunahesabu, tunabishana kwa ushahidi, na mwenzetu mmoja alikuwa anaanza kusema. Nilijibu "tumecheza" kwa sababu sikuwa na neno jingine. Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa neno lile. Sasa sijilaumu tena. Namlaumu mtu mzima aliyeshinda kutwa akipima mchele kwa kopo, na bado hakuitambua kazi yake mwenyewe mikononi mwa watoto.

Mwaka jana nilimwambia haya yote, tukiwa tumekaa barazani kwake. Alinisikiliza, akaweka kikombe cha chai chini.

"Lakini si ulisoma, ukafaulu?"

"Mimi nilifaulu, baba. Minza je?"

Alikunja uso, akijitahidi kweli kukumbuka.

"Minza yupi?"

Niliinuka nikaondoka, maana ningebaki pale ningemvunjia heshima.