Sinia Tatu za Al Qabil

Kocha niliyemsaidia Marekani, nilipokuwa nikisoma huko, alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akifundisha chuoni ule mpira wao wa kukimbia nao mikononi. Siku ya mechi hakumruhusu mchezaji kula chakula cha mtu. Walikula alichowaandalia yeye, mapema, kisha basi. Watu walimwita mkali, naye hakujali. Alikuwa kwao, angeweza kumuudhi amtakaye na kesho yake wakasalimiana.

Mimi sikuwa na bahati hiyo. Miaka ya tisini nilipelekwa Ibra, Oman, kufundisha mpira wa miguu katika chuo. Babu zangu walitoka mkoa huo huo wa Sharqiyah, lakini mimi nilizaliwa Unguja, na Kiarabu changu kilinifichua kabla sijamaliza salamu. "Zinjibari," walisema, kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko tusi. Mke na watoto walibaki Maskati, kwa mama yangu, kwa ajili ya skuli. Mazoezi yakisha nilirudi chumbani, nikateleka chai, nikazungumza na birika. Leo nacheka, lakini wakati ule upweke ulinila. Nilitaka kitu kimoja tu: watu wale wanihesabu mwenzao.

Mwaka wa saba tulifika fainali, tucheze na vijana wa Al Qabil, mji wa jirani, kwao. Mkuu wa chuo alishaniambia wazi kuwa nikilikosa kombe tena ataleta kocha mwingine. Tulipofika adhuhuri, shekhe wao, baba wa nahodha, alitusubiri mlangoni. Ndani kulikuwa na sinia tatu za wali na mbuzi, na halua ikingoja pembeni. "Tafaddalu," akasema, karibuni. Wachezaji wangu wakanitazama mimi.

Nilijua la kufanya. Mzee wa Marekani alinifunza vizuri. Lakini nimkatalie shekhe chakula mlangoni kwake? Wangenisema mpaka wajukuu zao. Nikavua viatu, tukala. Kila nilipotaka kuinua mkono siniani, shekhe alinimegea nyama akanisogezea. Wao hawakula, kwani desturi ni mwenyeji kuwahudumia wageni kwanza. Wale vijana tuliokuja kucheza nao walisimama na madele ya kahawa, matumbo matupu, wakitumiminia.

Alasiri tukaingia uwanjani. Beki wangu alitapika kabla ya mapumziko. Tulifungwa manne, na wenyeji wakaenda kula.

Shekhe alinikumbatia mbele ya watu. "Wewe mtoto wa hapa hapa," akasema kwa Kiarabu. Neno hilo nililingoja miaka saba, na nilipolipata wachezaji wangu walikuwa wamekaa chini nyuma yangu wakilia. Niliona haya kugeuka.

Jumamosi mkuu wa chuo akanivua ukocha. Sikuwa na wa kumwambia Ibra nzima. Nikampigia simu mama yangu, Maskati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmeshinda?"

"Tumefungwa. Na timu wameninyang'anya."

"Walikupeni chakula lakini?"

"Walitupa."

"Mkala?"

"Tukala, mama. Tukashiba."

"Alhamdulillahi." Nikamsikia akishusha pumzi. "Basi hawatosema sikukulea."

"Hawatosema, mama," nikamwambia.