Kafa Ulaya

Asubuhi hiyo nilikuwa namshonea mume wangu, Alberto, mfuko wa shati. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, nikatumia wa kijani.

"Mama Rosa, umeniotesha majani kifuani," akasema. Akalivaa hivyo hivyo, akaenda shamba. Ukungu wa mto Ruvuma ulikuwa bado chini, akawa kama anaogelea ndani yake.

Mchana tukasikia risasi.

Nilimbeba Rosa. Nikakimbilia mtoni.

Alberto hakuja.

Ng'ambo, upande wa Tanzania, tulipewa blanketi, unga na mafuta. Vijana wanaodharau misaada huwa nawaeleza taratibu: blanketi lile lilinirudishia usingizi, na mtu akilala ndipo anapoweza kuiwaza kesho. Rosa akiuliza baba yuko wapi, nilimjibu, "Hajavuka."

Baadaye tulihamia Dar. Shirika moja la misaada likanipa cherehani, na Bibi Kanta, Mhindi mwenye duka la vitambaa Kariakoo, akaniruhusu kushonea barazani kwake.

Biashara ya nje ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa nchini, na mitumba imemwagika mitaani. Watu waliiita kafa Ulaya. Mimi mgeni nililipokea jina hilo kama lilivyo: kila nguo, mwenyewe kafariki. Niliwaonea huruma Wazungu. Vita vyao, nilidhani, vimeua wengi kuliko vyetu. Kabla ya kupunguza suruali niliinong'oneza, "Pole, baba."

Mteja mmoja akanisikia. "We mama, unaongea na suruali?"

"Nampa pole marehemu."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Marehemu gani? Mwenyewe yuko kwao, kanenepa tu."

"Usimcheke," akasema Bibi Kanta. "Jina hilo tumelitunga sisi."

Kumbe shati linaweza kufika sokoni na mwenyewe yu hai. Tangu siku hiyo, kila robota la mitumba lilipofunguliwa nilitafuta uzi wa kijani. Nilijua shati la kwetu haliji na meli ya Ulaya. Nilitafuta tu, mchana kweupe, kama mtu anayeota.

Cherehani ile ilimsomesha Rosa hadi akawa muuguzi, nami naishukuru mikono iliyoileta. Alipoolewa, nilimshonea mumewe shati jeupe. Mfuko nikautia uzi wa kijani.

"Mama, kwa nini kijani?"

Nikamweleza yote, polepole, mpaka kwenye ukungu.

"Baba yako kafa," nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo bila Ulaya.