Kibii wa Rongai

Kabla ya kumwangalia kijana wake, mama wa saiba, chumba cha kukodisha intaneti, alipangusa skrini kwa pindo la leso. Kijana mwenyewe hakuwa mtu. Alikuwa mkimbiaji aliyemuunda ndani ya kompyuta, kwenye ligi ya mtandaoni ya mpira wa Wamarekani, ule wa kubebwa mkononi, akamwita Kibii wa Rongai. Surinder, mzee wa duka la vyuma hapo jirani, alikuja kusoma barua pepe za watoto wake akabaki kutazama. Wengine kwenye ligi, watu wa ng'ambo, waliwapa wachezaji wao kasi na misuli. Mama alimjaza Kibii pumzi tu, kama anayemtuma Eldoret kwa miguu. Walimcheka.

"Wacha wacheke," alisema, vidole vikigonga meza polepole. "Mbio si kuanza, mzee."

Na kweli, kila msimu, mechi ikielekea mwisho na mabeki wakihema, Kibii alikuwa bado anakimbia.

Siku Kibii alipostaafu, mwaka wa 2008, ligi iliandika jina lake kati ya mashujaa wake. Mama hakupiga kelele. Alitoa kibuyu cha mursik chini ya meza, maziwa ambayo kwao hupewa mkimbiaji anaporudi na ushindi, akamimina kikombe, akakiinua mbele ya skrini, kisha akampa Surinder.

"Kunywa, mzee. Yeye hana mdomo, na lazima apokelewe."

Surinder alikunywa yote. Alirudi dukani kifua mbele, maziwa kwenye ndevu, na hakuyapangusa.