Aliyewaosha Kabla ya Daktari

Wifi yangu alikuwa na ugonjwa wa kuosha. Nasema ugonjwa kwa sababu nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na miwili, na sijamwona hata siku moja akipita karibu na kitu kichafu akakiacha salama. Ataosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Ataosha ndala za mgeni wakati mgeni mwenyewe bado anakunywa chai. Aliwahi kunilowekea mkebe mzima wa vifungo, mimi fundi cherehani mwenye wateja mlangoni, nikashinda siku nzima nikivianika kimoja kimoja. Nilimtukana vya kutosha, naye akanicheka, maana sisi tumezoeana hivyo.

Ugonjwa huo aliurithi. Kwao mgonjwa hapelekwi kwa daktari na uchafu wake. Homa iwe kali namna gani, kwanza maji ya vuguvugu, kisha kucha, kisha nguo iliyopigwa pasi, ndipo safari ianze. Marehemu mama yake alisema daktari akuone wewe, asione taka zako. Wifi akakua hivyo, akawa mhudumu wa wodi, na wodi ilipofungwa wakamhamishia idara ya ustawi wa wanyama kuwa mfagizi. Huko walihifadhi mbwa waliopigwa na punda wenye vidonda. Aliwaosha wote.

Mtaa wa nyuma yetu kuna duka la vioo. Mwenyewe tulimwita Bwana Vioo. Mbele ya duka alikata vioo vya madirisha, na vipande vilivyobaki aliviunga kuwa masanduku. Humo, kwenye chumba cha nyuma, alifuga wanyama wa nchi za mbali: kobe wenye madoa ya nyota, mijusi mikubwa ya kijani, na chatu wawili wa rangi ya manjano. Aliwauzia matajiri waliotaka kitu cha kuwatishia wageni sebuleni. Kisha matajiri wakachoka, kama kawaida yao, na Bwana Vioo naye akachoka. Akafunga mlango wa chumba akaendelea kukata vioo, mpaka harufu ikamtoa hadharani.

Ijumaa moja alasiri mkaguzi wa idara alikwenda na gari na karatasi ya mahakama, wifi yangu akiwa nyuma na mifagio. Walikuta wanyama thelathini na mmoja, watano wamekwisha kufa. Vibakuli vya maji vilikuwa vimekauka mpaka vina vumbi. Kobe walikuwa na magamba yanayobonyea ukiyagusa. Chatu mmoja alikuwa na tabaka tatu za ngozi kuukuu zimemgandia machoni, haoni kitu. Kulikuwa na igwana, yule mjusi mkubwa wa kijani, ambaye taya lake lilikuwa limevimba na kulegea kwa kukosa jua, hata jani hawezi kulitafuna. Wifi alimwita Bibi kwa sababu ya kidevu.

Mkaguzi alipiga picha nne kwa simu. Chumba kilikuwa giza, na yeye, kijana mzuri tu lakini mwoga wa nyoka, alizipiga huku akitazama mlango. Picha zilionyesha kioo, mwanga wa simu juu ya kioo, na kidole chake. Akawapakia wanyama na masanduku yao hadi idarani, akamwambia wifi, "Mama, wape maji. Daktari wa kuandika ripoti anakuja Jumatatu."

Hakumwambia asiwaoshe. Nani angefikiri kumwambia?

Kwa siku mbili na nusu sikumwona nyumbani ila alipokuja kuchukua vitu. Mimi ndiye niliyempa vitambaa laini, mabaki ya bitana, na mswaki wa zamani. Alilowesha kobe kwenye mabeseni ya maji ya uvuguvugu mpaka wakatoa shingo na kunywa. Alimbandua chatu ngozi ya machoni kwa kitambaa chenye maji, kidogo kidogo, Jumamosi nzima. Nilikwenda kuchungulia kwenye dirisha, nikaona lile joka limelala magotini mwake, nikarudi nyumbani mbio na kiatu kimoja. Masanduku yaliyojaa mavi aliyapasua akayazika na majani yaliyooza akayachoma. Wale watano waliokufa aliwazika kwenye bustani ya maua, maana kwake maiti haikai hadi Jumatatu.

Daktari alipofika alikuta viumbe ishirini na sita safi, wamejipanga juani, vibakuli vimejaa. Akaandika alichokiona. Hali ya jumla: ya kuridhisha. Wifi alirudi nyumbani siku hiyo ameinua kichwa kama mama ambaye mwanawe amepasi mtihani.

Kesi ilichukua miezi minane, na kwa miezi hiyo wanyama walikuwa mikononi mwake. Wenzake waliogopa hata kuingia. Alijifunza kwa daktari, akajifunza kwa macho yake: taa za joto ziwake saa ngapi, kobe wapewe majani gani, chaki ya kuimarisha mifupa isagwe vipi. Alimlisha Bibi kwa kijiko, majani yaliyopondwa, mara tatu kwa siku. Alipofika nyumbani hadithi zilikuwa hizo hizo. Kaka yangu, mumewe, mtu wa kuchomelea mageti na asiyependa maneno mengi, alisema siku moja mezani, "Nilioa mke mmoja, nikaletewa mashemeji ishirini na sita." Tukacheka. Tulicheka sana miezi ile, maana hatukuwa na shaka. Bwana Vioo angetiwa hatiani, wanyama wangepelekwa kwenye kituo cha kuwalea katika nchi jirani, ambako nafasi ilikwisha kupatikana. Hilo tu ndilo alilolitaka wifi, wasirudi kwenye chumba kile.

Nilikwenda naye mahakamani siku ya ushahidi wake. Alivaa gauni nililomshonea mwenyewe. Wakili wa Bwana Vioo alikuwa mtu mpole, na wapole ndio wa kuogopa.

"Mama, unasema uliwapokea katika hali mbaya."

"Mbaya sana."

"Daktari hakuwaona katika hali hiyo?"

"Daktari alikuja Jumatatu. Nilikuwa nimeshawaosha."

"Kwa nini?"

"Daktari angewaonaje wakiwa vile?"

Watu wakacheka. Hakimu mwenyewe alishika mdomo. Wakili akaendelea, bila haraka. Masanduku yako wapi? Aliyazika. Majani? Aliyachoma. Hao waliokufa, nani aliwaona zaidi ya yeye na mkaguzi, ambaye amekiri kwamba chumba kilikuwa giza? Aliwazika. Kwa ruhusa ya nani?

"Baba, maiti haiombewi ruhusa ya kuzikwa."

Hapo hawakucheka. Nadhani hata waliokuwa wakisinzia walielewa. Nilimwona wifi akielewa pia. Aliangalia viganja vyake, akaviweka chini ya ukingo wa kizimba kama mtu anayeficha kitu.

Wahenga wanasema wema hauozi. Mimi niliuona ukioza mchana kweupe, saa tano asubuhi, mbele ya hakimu. Ripoti pekee ya daktari ilisema hali ya kuridhisha, na mshtakiwa akaachiwa. Wanyama warudishwe kwa mwenyewe ndani ya siku saba.

Siku ya saba Bwana Vioo alikuja na gari lake la vioo. Sikumkuta na pembe kichwani, alikuwa mtu wa kawaida mwenye plasta kidoleni. Wifi alikuwa ameandika maelekezo kwenye daftari, nani anakula nini, taa iwake muda gani. Alianza kumsomea. Jamaa akasikiliza mstari mmoja, akaliweka daftari kwenye dashibodi.

"Dada, asante kwa kuwatunza," alisema, na nadhani alimaanisha. "Mimi nisingeweza."

"Najua," wifi alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Gari likaondoka.

Wiki hiyo hiyo wifi alianza kwenda dukani kwake. Alijitolea kuwalisha bure kabla ya kazi, na Bwana Vioo hakuona sababu ya kukataa. Akawasha taa, akamlisha Bibi. Akafanya hivyo siku tisa, mpaka mkaguzi alipokuja nyumbani kwetu, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, akakataa chai.

"Mama, nakuomba kitu kigumu," alisema. "Usiende tena kule."

"Nikiacha watakufa."

"Ukiendelea kwenda, hatuwezi kuwachukua. Nikiingia leo na daktari nitakuta nini? Wasafi, wana maji. Nitamwambia nini hakimu? Mwache mwenyewe awatunze. Akiwatunza, sawa. Akiwaacha tena, nitaingia na daktari, na kamera, na kila kitu kitaandikwa palepale. Safari hii hawatarudi kwake."

"Kwa muda gani?"

"Wiki sita. Pengine saba."

Wifi alinitazama mimi. Kaka hakuwepo. Angeweza kumtazama hata paka, lakini alinitazama mimi, na mimi kwa mdomo wangu huu nikasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Msikilize mkaguzi." Methali ile ni nzuri kwa watoto. Sikujua naipeleka wapi.

Alikaa asiende. Wiki ya kwanza aliosha kuta za nyumba. Wiki ya pili aliosha pazia ambazo bado hazijatumika. Ya tatu akaacha kuosha, hilo likanitisha zaidi. Alikuwa akitoka kazini anapita nyuma ya duka la vioo, anasimama ukutani, anarudi. Taa hazikuwaka, alisema. Jumapili ya wiki ya tano aliamka mapema, akaponda majani kwenye kikombe, akachukua kijiko. Nikamkuta mlangoni.

"Nipishe, wifi."

"Sikupishi."

"Ni Bibi tu. Wengine siwagusi. Yeye hawezi kula peke yake, unajua."

"Ukimlisha yeye, hakimu ataambiwa wanalishwa, na yeye ndiye atakayewarudisha wote kule. Rudi ndani."

"Nakuomba."

Mimi ni mnene kuliko yeye, na mlango wetu ni mwembamba. Nilisimama pale mpaka yale majani yakabadilika rangi kikombeni. Hakupiga kelele, hakunisukuma. Alimwaga majani kwenye ndoo ya taka, akaenda kulala mchana, mtu ambaye hajawahi kulala mchana. Kaka alikuwa ameketi uani amesikia yote. Hakusema neno, na nilimchukia kwa hilo, kwa sababu nilitaka mtu mmoja aniambie nimekosea, au nimepatia.

Wiki ya saba mkaguzi aliomba karatasi mpya ya mahakama. Akamwambia wifi aje awatambue wanyama, maana yeye ndiye anayewajua mmoja mmoja, lakini asiguse chochote kabla ya daktari. Niliomba niende naye, wakaniruhusu nisimame mlangoni.

Daktari alichelewa. Alikuwa na ng'ombe anayezaa upande wa pili wa mji, na sina haki ya kumlaumu. Mkaguzi alipiga picha, safari hii kwa kamera na taa, kila sanduku na kila kibakuli kikavu. Wifi alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma. Alitaja mmoja mmoja kwa sauti ya kawaida. Huyu ni yule mwenye nyota iliyokatika. Huyu ni chatu aliyekuwa haoni. Huyu ni Bibi. Bibi alikuwa amekufa siku nyingi, amekauka. Alimtaja kama alivyowataja wengine, akaendelea na sanduku lililofuata.

Kwenye sanduku la mwisho kulikuwa na kobe mdogo aliyekuwa hai. Alitoa kichwa, akafungua mdomo, akaufunga. Hatua mbili kutoka hapo kulikuwa na bomba la maji la kuoshea vioo, linadondosha matone. Wifi aliliangalia bomba, akamwangalia mkaguzi. Mkaguzi alitazama saa yake, kisha akatazama chini.

Daktari aliingia baada ya saa mbili na robo. Aliandika kurasa nyingi, akapima, akachukua masanduku na mavi na maiti zote. Waliotoka hai walikuwa kumi na moja. Kobe yule mdogo hakuwa miongoni mwao, na ripoti inasema alikufa siku hiyo, kwa kiu. Hakimu aliusoma mstari ule mara mbili alipotoa hukumu. Bwana Vioo alipatikana na hatia, na wale kumi na moja walisafirishwa kwenda kituoni. Tumepata picha yao, wako juani.

Watu wa idara walimpongeza wifi, wakamkatia keki. Alikula kipande chake. Njiani tukirudi nilimwambia kwamba kama nisingemzuia mlangoni siku ile, hata hao kumi na moja wasingepona. Nilikuwa nikilisema kwa ajili yangu.

"Ni kweli," alisema.

Tukatembea mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Alikuwa hai nilipoingia. Nilisimama naye saa mbili na robo, wifi, na maji yalikuwa pale."