Picha ya Kasuku wa Bi Hajira

Mshamu ni mpiga picha za pasipoti hapa Kibiti, na mimi nauza vocha mlango wa pili, kwa hiyo majivuno yake nayasikia bure tangu asubuhi. Miaka kumi na tisa, anasema, hakuna ofisi iliyowahi kumrudishia picha. Pazia la bluu, masikio yote mawili yaonekane, mdomo ufungwe. Asiye na koti huvaa la studio, lile jeusi lililokwisha kuvaliwa na nusu ya wilaya. Ukitabasamu atakuuliza kama umekuja kuomba kazi au kuposa.

Mwezi uliopita Bi Hajira alishuka kwenye bodaboda kutoka Umwe, kapakata tundu. Ndani mlikuwa na kasuku aliyeachwa na marehemu mumewe, Shaabani. Tangazo lilikuwa limepita vijijini: kila anayefuga ndege wa porini awe na kibali chenye picha kabla ya Jumatatu, la sivyo ndege atachukuliwa akaachiwe porini huko Mloka. Kasuku yule hukohoa kikohozi cha Shaabani, kikavu, mara mbili, kila inapoingia magharibi. Bi Hajira alisema akichukuliwa kasuku huyo, nyumba itabaki haina sauti.

Mwenye akili zake angempiga kasuku picha ya ubavu akamaliza. Mshamu akasema ng'o. Picha ya ubavu hupigwa mwizi polisi, naye hawezi kumtia doa kasuku wa mama wa watu. Akampandisha juu ya kigoda, akanyoosha pazia, akamwambia ashushe kidevu. Kisha akapiga picha thelathini na moja, zote za mbele. Sijui kama umewahi kumtazama kasuku kwa mbele. Macho yako pembeni, moja huku na moja kule, na kinachobaki ni mdomo na manyoya. Mshamu alizitazama kwenye kompyuta, akanilaumu mimi kwamba kivuli changu kimeharibu. Kilichomuuma zaidi ni masikio. Alimfunua manyoya ya kichwani kuyatafuta, akaumwa kidole, nami sikumwonea huruma.

Bi Hajira ndiye aliyemaliza ubishi.

"Mwanangu, huyu akitaka kunitazama hunipa ubavu," alisema. "Hapo ndipo ameniangalia."

Mshamu alifikiri, akakubali kwamba basi ubavu wa kasuku ndio mbele yake, na heshima ya studio ikasalimika. Bi Hajira akasimama nyuma ya kamera, kasuku akamgeuzia jicho moja, akatulia tuli. Picha ikatoka nzuri, inaniuma kusema. Kasuku alikuwa mzito wa uso kama kadhi. Ya Bi Hajira ilipigwa harakaharaka baadaye, ikatoka jicho moja limefumba, na Mshamu akasema inatosha.

Fomu ilikuwa na nafasi mbili za picha, kubwa juu na ndogo chini. Bi Hajira alikuwa ameacha miwani nyumbani, kwa hiyo Mshamu ndiye aliyejaza na kubandika. Hakuwa na moyo wa kuikata kwa mkasi picha bora aliyowahi kupiga. Akambandika kasuku juu, Bi Hajira chini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amejisifu mwenyewe.

Ijumaa mchana Bi Hajira alirudi kutoka ofisini na kibali kimegongwa mhuri, akampa Mshamu amsomee. Mshamu akasoma kwa sauti ya msikitini: aliye katika picha ya juu anaruhusiwa kumfuga aliye katika picha ya chini, kwa sharti la kumpa maji safi, kumkinga na mvua, na kutomuuza wala kumsafirisha nje ya wilaya bila idhini. Sauti ikamwishia njiani. Mimi nilicheka mpaka vocha zikanidondoka.

Mshamu alikaribia kulia. Akavaa viatu, akasema anakwenda sasa hivi kwa Bi Petronila, karani wa vibali, mtu wa bara lakini mwelewa, akamwombe arekebishe kabla hawajafunga.

Bi Hajira alimpokonya ile karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Usirudishe," alisema. "Tangu Shaabani afe, nani mwingine ananifuga?"

Niliacha kucheka. Mshamu akatoka kumtafutia bodaboda.