Aliyekufa Katika Sehemu ya Kwanza

Jumamosi iliyopita binti yangu aliketi sebuleni, hapa Embu mjini, na bakuli la bisi mapajani, akatazama sinema ambayo wenzake shuleni walikuwa wameingojea mwaka mzima. Ni sehemu ya pili, aliniambia, na hii ndiyo kali. Mimi nilikuwa kando nikichagua mchele. Kabla sijamaliza sinia moja, watu kumi na mmoja walikuwa wamekufa, mmoja wao kwa namna ambayo sitaiandika hapa kwa sababu huenda unakula. Binti yangu akatia bisi mdomoni. Niliacha mchele, rafiki yangu, nikawa namtazama yeye badala ya sinema. Nilikuwa nimekumbuka sehemu ya pili nyingine, tuliyoitazama kijijini kwetu Kanja nikiwa darasa la tano.

Kanja ya wakati huo haikuwa na stima. Jirani yetu alikuwa mwalimu, na ndiye mtu wa kwanza kwenye kilima chetu kununua televisheni na deki ya video. Jenereta aliiweka nyuma ya jiko, na ilipowashwa kuku wote walihamia kwetu. Kanda zililetwa na kaka yake aliyefanya kazi Nairobi. Jumamosi alasiri, kahawa ikishapelekwa kiwandani, tulijazana sebuleni kwake, madirisha yamezibwa kwa magunia ili picha ionekane, na chumba chote kikanuka moshi, jasho na maganda ya kahawa. Mke wa mwalimu alipitisha nduma zilizochemshwa. Watoto tulikaa chini, wazee vitini, na akina mama wa kanisa walisimama karibu na mlango ili waseme walikuwa wakipita tu.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nyumbani kwetu, mtu akienda mahali wengine hawakwenda, iwe ni harusi, soko la Runyenjes au mahubiri, aliporudi alisimama karibu na meko akasimulia yote, na alikatazwa kuruka kitu. Nilijaliwa mdomo, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa. Jumatatu nilisimulia sinema shuleni pia, na nilipewa miwa kwa huduma hiyo. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Sinema ya kwanza niliitazama pamoja na nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu. Ilihusu askari mmoja na rafiki yake kijana, mcheshi, mwenye pengo la jino. Karibu na mwisho kijana yule alipigwa risasi akafia mikononi mwa rafiki yake, taratibu, akitaja jina la mama yake. Cucu alivuta kitambaa chake akafuta uso, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi alifunga mzigo wa kuni, akaubeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, akachukua na kibuyu cha uji wa wimbi. Akapitia wanawake wawili wa kanisa, nao wakajitwika kuni zao bila kuuliza mengi. Huko kwetu ndivyo ilivyokuwa: kifo kikiingia boma, hakuna anayemngoja mwenye boma kutafuta kuni. Wakaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Mke wa mwalimu alipowaona uani na mizigo ile, aliangusha sufuria ya maziwa.

"Ni nani?" alilia. "Niambieni ni nani!"

"Yule kijana," Cucu akamjibu kwa upole. "Yule alifia hapa kwenu juzi."

Kilima kilicheka mwaka mzima. Watu walimwuliza Cucu njiani kama wa matanga hawajambo. Yeye hakuona kichekesho. Hoja yake ilikuwa hii: kamera hupiga kile kilichopo. Ukipigwa picha umevaa kofia, ni kwa sababu ulivaa kofia. Basi kijana akionekana kwenye picha anakufa, alikufa, na mama yake hakuwepo, na watu wamekaa wanakula nduma. Mimi nilimcheka pamoja na wengine, na mpaka leo hilo linaniuma.

Linaniuma kwa sababu nilijua jambo ambalo hata niliocheka nao walilijua. Mwana wa mwisho wa Cucu, baba yangu mdogo, alikuwa polisi kule kaskazini. Aliuawa na wezi wa mifugo nikiwa mdogo, akaletwa nyumbani ndani ya sanduku. Mwalimu ndiye aliyetumwa kumleta, kwa kuwa alijua kuzungumza na watu wa ofisi, na alirudi akisema sanduku limefungwa na serikali, halifunguliwi. Likazikwa hivyo hivyo, karibu na migomba. Cucu aliimba nyimbo zote za mazishi, akarudi jikoni, akaendelea na kazi.

Kuna kitu kimoja tu alichofanya, na sisi watoto hatukukitia maanani. Kila jioni alipopakua githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, alijaza bakuli moja la bati, akalifunika kwa sahani, akaliweka juu ya kabati. Asubuhi alilipasha moto akatugawia kabla ya shule. Tuliliita bakuli la asubuhi. Tuliligombania, maana githeri iliyolala ina utamu wake.

Mwaka uliofuata kaka wa mwalimu akaleta sehemu ya pili. Cucu alikuja, akakaa kiti cha mbele kabisa. Nilidhani anataka kuwaonyesha waliomcheka kwamba hajali. Sasa nafikiri alikuja kujua kama kijana yule alizikwa vizuri.

Nikisema sinema ile ilinishtua nitakuwa nimeipunguza. Sehemu ya kwanza angalau ilikuwa na haya. Mtu alipokufa, kulikuwa na anayeumia. Hii ya pili haikumsubiri mtu. Kijiji kilichomwa mwanzoni tu, kabla nduma hazijapoa. Watu walikatwa kwa panga, panga kama zetu za kufyekea, na kamera ikakaa hapo hapo ikitazama. Mama mmoja wa kanisa alimwita Mungu, "Ũi Ngai," akatoka nje kwa kweli, si kwa kusingizia. Wavulana walipiga makofi. Mimi nilijificha nyuma ya vidole vyangu, lakini niliacha mwanya, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa inakuja.

Halafu mkuu wa wauaji akavua kofia yake. Akatabasamu. Alikuwa na pengo la jino.

Pale hata wavulana waliacha kupiga makofi. Cucu alisimama mbele ya televisheni, kitambaa chake kikaziba picha yote.

"Mwalimu, huyu si alikufa?"

"Alikufa, Mama, katika ile ya kwanza."

"Na ni nani amemfufua?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka kidogo, akamweleza kwa subira kwamba hiyo ni kazi ya mtu. Anapakwa rangi nyekundu, anaanguka, picha ikiisha anaamka anaenda kula chakula chake.

Cucu hakusogea. "Kwa hivyo mtu anaweza kuonyeshwa amekufa, na yeye hajafa."

"Ndiyo, Mama."

"Basi niambie. Lile sanduku uliniletea. Ulilifungua?"

Sijawahi kusikia kicheko kikifa haraka namna ile. Nyuma ya kitambaa cha Cucu bunduki ziliendelea kulia, mpaka mtu mmoja akakimbia nje akazima jenereta. Mwalimu alikuwa mtu wa fimbo na chaki, mtu aliyetuogopesha sote. Nilimwona akitazama mikono yake.

"Nililifungua," akasema.

"Uliniambia halifunguliwi."

"Nilikudanganya, Mama. Nilimwona. Ni yeye. Ana lile kovu la kidole, la kukatia ng'ombe majani. Lakini uso... Usiniulize uso, Mama. Sikutaka uuone."

Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, alikuwa amemdanganya mama mfiwa, na amebeba uongo huo peke yake miaka minne. Hatukujua tumtazame nani. Nilingoja Cucu amkemee. Badala yake alikaa chini sakafuni, katikati yetu watoto, akatoa sauti ambayo hakuitoa siku ya mazishi. Wavulana wakubwa walilia. Hakuna aliyetaka kujua sinema iliishaje, na mimi sijui hadi leo.

Jumapili, kanisa lilipotoka, kuni zilianza kuingia kwetu. Walikuja wote waliocheka, wamepinda migongo chini ya mizigo, na mbele yao mke wa mwalimu na mzigo mkubwa kuliko wote, na kibuyu cha uji. Hakuna aliyeuliza mbona miaka imepita. Siku tatu nzima moto haukuzimika jikoni kwa Cucu, na mwalimu alikuwa akija kupasua magogo.

Jumatatu nilisimama shuleni nikasimulia. Nilisimulia kijiji kilivyochomwa na panga zilivyofanya kazi, na walipiga kelele za furaha. Nilipewa muwa mrefu kuliko siku zote. Ya Cucu niliyaruka.

Asubuhi ya Jumanne niliamka nikapanda kiti kufikia juu ya kabati. Hapakuwa na kitu. Nikamwuliza Cucu bakuli la asubuhi liko wapi. Alikuwa akichochea moto, hakugeuka.

"Halikuwa lenu," alisema. "Nilikuwa namwekea, asije akafika usiku akose."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Panga zile zote hazikunishtua kama maneno hayo.

Cucu ametuacha, na mwalimu pia. Kanja ina stima sasa, na kila mtu ana sinema yake mfukoni. Mtu akifiwa hapa mtaani kwetu tunatuma ujumbe wa pole kwa simu, na mimi pia, tena huwa nanakili wa mwenzangu. Kuni sijabeba tangu niolewe. Na vifo vya kwenye picha nimevizoea kiasi kwamba Jumamosi ile nilihesabu hadi kumi na moja huku nikitoa mawe kwenye mchele.

Binti yangu aligeuka kuomba maji akaona uso wangu. Aliruka akasimamisha sinema, bisi zikamwagika zote.

"Mum! Nini mbaya? Kwani nani amekufa?"

Nilimwambia aje akae karibu nami. Nikaanza na bakuli la Cucu.